Kupiga soga kwa Kihispania: kwa anayekwenda Kolombia

Vitabu vya Kihispania vya wasafiri vimejaa maswali: chumba bei gani, kituo cha basi kiko wapi, choo kiko upande upi. Yakariri, utayahitaji. Ila soga hayaleti. Mtu akishakuonyesha choo kilipo, mazungumzo yamekwisha na hakuna aliyekosea. Haya ni kwa anayekwenda Kolombia na Kihispania cha kuombea maji, lakini angependa kukaa na wenyeji na si kuwapiga picha tu.

Matamshi yasikutishe. Irabu zao tano ndizo zetu, na mkazo wa maneno mengi huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, kama kwetu. Balaa linakuja kwa mlango mwingine: utasema sentensi moja safi, mwenzako ataamini lugha unaijua, kisha atakumwagia maneno mpaka ushike kichwa. Uwe na breki. "Más despacio, por favor" ni kumwomba apunguze kasi. Mimi napenda zaidi "¿cómo así?", yaani kivipi. Wakolombia wenyewe huitumia wakitaka kuelezwa zaidi, kwa hiyo msimulizi anarudia habari yake kwa maneno mengine na anafurahi kwamba umenogewa.

Kabla ya hayo yote, salamu. Mkolombia akiingia dukani, kwenye lifti au penye foleni ya daktari, anasema "buenas" kwa wote waliomo, nao wanaitikia. Neno hilo linafaa asubuhi, mchana na usiku. Ukiingia kimya na kuanza kunyooshea mkate kidole, hutafukuzwa, lakini umeshajifungia. Nashangaa jinsi mtu ambaye nyumbani hawezi kuwapita wazee bila shikamoo anavyofika ugenini akaiacha adabu yake uwanja wa ndege kwa hofu ya sarufi. Salimia, uliza "¿cómo le va?", yaani hujambo, halafu usubiri ujibiwe.

Programu nyingi za simu za kufundishia lugha zinaanza na "tú", yaani "wewe" ya kirafiki. Bogotá na mkoa wa Boyacá tumia "usted", "wewe" ya heshima. Huko hata marafiki na ndugu wanaitana hivyo. Medellín utasikia "vos", "wewe" nyingine ya kirafiki, na pwani, Cartagena na Barranquilla, "tú" ndiyo ya kawaida. Wewe mgeni baki na "usted" mpaka mwenyewe akulegezee. Mtu mzima mwite don au doña ukifuatisha jina lake la kwanza. Mwenye duka mwite vecino au vecina, jirani, hata kama umepanga upande wa pili wa mji.

Mahali pazuri pa kuanzia ni kwa muuza tinto. Tinto huko ni kahawa nyeusi ya kikombe kidogo, inayouzwa barabarani kutoka kwenye chupa za chai, na aliyewahi kusimama kwa muuza kahawa wa Kariakoo ataijua shughuli yenyewe. Sema "¿me regala un tinto?" Kwa maneno unaomba zawadi, lakini ni adabu tu ya kuagiza, na utalipa. Ukishapewa, usiondoke na kikombe. Kinywe hapo hapo, pamoja na walinzi, madereva wa teksi na wastaafu wasio na haraka.

Sasa sentensi ya pili, ambayo ndiyo inayowashinda wengi. Siri ni kuuliza jambo ambalo watu wawili wa hapo hawatakubaliana. Ukiuliza "mgahawa mzuri uko wapi?" utaonyeshwa. Ukiuliza "nani anapika ajiaco tamu hapa jirani?" umewasha moto. Ajiaco ni supu ya Bogotá ya kuku, mahindi na viazi vya aina tatu, inayotiwa majani yaitwayo guascas, na kila mtu ana mama au shangazi anayeipika kuliko wote. Mmoja atataja mgahawa, wa pembeni atacheka kwa dharau, na hapo kazi yako inabaki kuitikia kwa kichwa na kutupia "¿cómo así?" zako.

Jumapili na sikukuu, Bogotá hufungia magari zaidi ya kilomita 120 za barabara, kuanzia saa 1 asubuhi hadi saa 8 mchana. Wanaiita ciclovía, na ipo tangu 1974. Watu huendesha baiskeli, hukimbia, hutembeza mbwa, na kando wamejipanga mafundi baiskeli na wauza maji ya matunda. Anayesubiri kuzibiwa pancha hana pa kwenda, basi zungumza naye. Mkenya hapa ana bahati ya pekee. Nchi hii ina wazimu wa baiskeli, na Nairo Quintana, mtoto wa Boyacá, alishika nafasi ya pili katika mbio za Tour de France mwaka 2013 na tena 2015, mara zote nyuma ya Chris Froome, ambaye alizaliwa Nairobi. Taja Nairobi tu na shabiki wa kweli atakudai maelezo. Mtulize kwa Egan Bernal wa Zipaquirá, aliyeshinda mbio hizo 2019, wa kwanza kwa Kolombia.

Jambo moja wasafiri hawajiandai nalo: baada ya maswali yako mawili zamu itageuka. Utaulizwa wewe unafanya nini, kwenu kukoje. Kwa hiyo usipoteze nguvu kukariri majina ya wanyama wa porini. Jifunze maneno ya kazi yako mwenyewe. Fundi cherehani ajue sindano na uzi, mwalimu ajue chaki na mitihani. Mtu wa Moshi, Mbinga au Nyeri akifika Quindío kwa wakulima wa kahawa anahitaji maneno machache tu: "cosecha" ni mavuno, "mitaca" ni yale mavuno madogo ya msimu wa pili, "roya" ni kutu ya majani, ugonjwa uliowaliza wao na sisi. Kwenye soko la dunia, Shirika la Kimataifa la Kahawa linaziweka Kolombia, Kenya na Tanzania katika kundi moja la arabika. Mkulima akisikia hivyo atakuuliza kwenu kilo inalipwa pesa ngapi. Uwe na jibu, maana hapo soga inaweza kufika jioni.

Ukiwa mweusi, wengi watadhani umetoka pwani au Chocó, mkoa wenye Wakolombia weusi wengi, na watakuongelesha kwa kasi ya mwenyeji. Sema mapema umetoka wapi. Utaitwa pia "moreno" au "negra", yaani mweusi. Mara nyingi ni kwa upole, hasa pwani, lakini si lazima upende. "Me llamo", yaani naitwa, na jina lako inatosha kurekebisha.

Usianze na Pablo Escobar, yule mlanguzi wa kokeini. Kwa mgeni ni stori ya kwenye televisheni, kwa mwenyeji inaweza kuwa ni kaka aliyeuawa. Wakiigusa wenyewe, sikiliza. Mpira ni salama, mradi usichague timu kabla hujajua umekaa na nani.

Saa na mahali navyo vina maana. Kwenye basi la TransMilenio saa za msongamano watu wamekumbatia mikoba yao, waache. Simu yako isionekane ovyo barabarani. Wenyewe huonya "no dé papaya", usimpe mwizi nafasi. Dada anayesafiri peke yake aanze na akina doña wa sokoni na wa madukani, kwani watamwambia pia mtaa upi haupitiki usiku. Mwanamume anayetaka kujua kama uko "solita", yaani peke yako, mjibu kwamba unamsubiri mtu.

Kuaga nako kuna taratibu. Shukuru, nawe utajibiwa "con mucho gusto", kwa furaha. Sema "que esté muy bien", uwe salama, kisha ondoka. Huenda ukaambiwa siku moja mtakunywa tinto pamoja. Hiyo ni heshima, siyo miadi. Mpaka ataje siku, saa na mahali, endelea na ratiba yako.