Keria ya kutoa kwenye MX-5: usitoboe buti

Kakangu, umeuliza kama keria ya mizigo ya kufunga na kutoa itakaa juu ya buti la Mazda MX-5 yako, hicho kigari cha viti viwili, bila kutoboa bodi, mabegi mawili yafike Watamu. Itakaa. Kutoboa usithubutu: hapa Malindi hewa ya chumvi ikipata tundu, kutu haichelewi.

Tafuta ile yenye miguu ya mpira na mikanda ya ndoano zinazoshika ukingo wa mfuniko wa buti. Kabla ya kufunga, osha mfuniko, ukaushe, kisha pitisha kiganja pale miguu itakapokaa. Ukihisi chembe moja ya mchanga, osha tena. Mimi nilipuuza, rangi ikaparuzika vidoa vinne, hadi leo navitazama kila nikiegesha. Ndoano zivishe vipande vya tyubu kuukuu ya baiskeli.

Kaza kwa zamu, kulia na kushoto, halafu itikise keria: gari zima liyumbe nayo. Mikanda mipya hulegea, kwa hivyo simama baada ya kilomita chache ukaze tena, na ukifika Gede, kabla ya Watamu, uangalie mara nyingine. Vizito viweke ndani ya buti kwanza. Juu ni mabegi mepesi tu, na yasizibe taa ya breki ya juu.