Maswali na Majibu: Ibada, Utaratibu na Mpaka wa Kutii

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Ujumbe mliotuma safari hii karibu wote unagusa jambo moja: nani amsikilize nani, kanisani na nyumbani, na kutii kunaishia wapi. Nimechagua maswali saba, nikayafupisha bila kugeuza maana yake. Majina nimeyaacha.

Usharika wetu una kwaya tano. Kila kwaya inaimba nyimbo mbili, kuna sadaka, matangazo na mnada, na mahubiri yanabakiwa na dakika kumi. Nilipendekeza tupange muda, nikaambiwa Roho Mtakatifu hapangiwi ratiba. Je, nimekosea? (Mzee wa kanisa, Arusha)

Hujakosea, mzee wangu. Korintho ndilo kanisa lililojaa karama, na ndilo hilohilo Paulo alilolipangia zamu. Soma 1 Wakorintho 14 kuanzia mstari wa 26. Wanaonena kwa lugha wawe wawili, wakizidi sana watatu, tena kwa zamu, na mmoja afasiri. Kama hakuna wa kufasiri, wanyamaze. Manabii nao wawili au watatu, na wengine wapambanue. Mwingine akifunuliwa neno, yule wa kwanza anyamaze. Kisha Paulo anasema kwamba "roho za manabii huwatii manabii". Yaani mtu aliyejaa Roho anaweza kujizuia, akampisha mwenzake. Anayesema alishindwa kunyamaza kwa sababu Roho alimshika anapingana na Roho yuleyule aliyemwongoza Paulo kuandika.

Lakini usiishie kwenye saa ya ukutani. Rudi nyuma hadi sura ya 11 uone fujo ya Korintho ilimuumiza nani. Walikutana kula chakula cha Bwana, wenye nacho wakatangulia kula chao, "hata huyu ana njaa, na huyu amelewa". Paulo anawauliza kama wanataka kuwatahayarisha wasio na kitu. Dawa aliyowapa ni neno moja: "mngojane". Mimi naanzia hapo kila ninapoulizwa habari za ratiba. Utaratibu wa ibada ni namna ya kumngoja ndugu aliye nyuma, asije akarudi nyumbani na njaa.

Sasa itazame Jumapili yenu kwa jicho hilo. Kwaya imejipanga mlangoni na sare zake, inasubiri kuingia kwa mwendo wa madaha, na fundi mitambo bado anahangaika na flashi ya tatu akitafuta biti. Benchi la nyuma kuna mama aliyeamka alfajiri, ametembea na mtoto mgongoni, amekuja kusikia neno la kumshika wiki nzima. Anapewa dakika kumi, nazo mhubiri anazikimbiza. Huyo ndiye aliyeachwa na njaa. Na kwenye mnada, trei ya mayai aliyoileta bibi kizee inapandishwa bei mara kumi, wanunuzi wanashangiliwa kwa majina, bibi mwenyewe hatajwi. Yesu aliyekaa kuelekea sanduku la hazina akamwona mjane na senti zake mbili angemtaja yeye kwanza.

Peleka pendekezo lako tena kwenye baraza, safari hii likiwa na mambo machache ya wazi: kwaya mbili tu kwa Jumapili, kwa zamu, biti zimfikie fundi mitambo Jumamosi, matangazo yabandikwe ubaoni, yasomwe yale ya lazima tu, mnada ufanyike nje baada ya baraka. Na muda mtakaookoa msiupeleke wote kwenye mahubiri. Rudisheni wimbo mmoja au miwili ambayo usharika mzima unaimba, wazee kwa watoto. Kwaya inapomwimbia Mungu kwa niaba ya watu kila wiki, watu husahau kwamba nao wana midomo.

Je, ni lazima mwanamke afunike kichwa ibadani? Mdogo wangu alirudishwa mlangoni kwa kukosa kitambaa. (Dada, Iringa)

Katika 1 Wakorintho 11 Paulo anawataka wanawake wa Korintho wafunike kichwa *wanapoomba au kuhutubu*. Wengi hushika kitambaa, wakaliacha hilo la pili, kwamba wanawake hao walikuwa wakiomba na kuhutubu kanisani. Kuna makanisa yanayoona agizo hilo linadumu hadi leo, mengine yanaliona kama heshima ya wakati ule iliyovaa vazi la pale. Ushauri wangu ni kwamba ukiwa mgeni mahali wanapofunika, funika, khanga hazikosekani. Ukiwa mwenyeji, usifanye kitambaa kuwa tiketi. Waliomrudisha mdogo wako walilinda kipande cha nguo wakampoteza mtu. Wangeweza kumwazima khanga, akaingia.

Mume wangu ni shemasi. Akikasirika ananipiga, na mshahara wangu anauchukua wote kwa kuwa Efeso 5 inasema wake watiini waume zenu. Mama mkwe anasema nivumilie, ndiyo unyenyekevu. Nikikataa, namkosea Mungu? (Mama wa watoto watatu, Mbeya)

Dada yangu, hapana. Humkosei Mungu kwa kukataa kupigwa.

Efeso 5 inaanza habari hiyo mstari mmoja kabla ya ule anaokusomea: "hali mnanyenyekeana katika kicho cha Kristo". Kisha mke anaambiwa maneno machache, na mume anaambiwa mengi kuliko mke: ampende mkewe kama Kristo alivyolipenda Kanisa, akajitoa kwa ajili yake, ampende kama mwili wake mwenyewe, maana hakuna anayeuchukia mwili wake, bali huulisha na kuutunza. Mume anaitwa humo kichwa cha mkewe kama Kristo alivyo kichwa cha Kanisa. Ukichwa wa Kristo unaonekana msalabani, na pale aliyetoka damu ni kichwa mwenyewe. Mume anayedai cheo cha Kristo huku damu inamtoka mkewe, amekamata andiko kinyumenyume.

Kuna habari moja ambayo nashangaa haihubiriwi kwenye semina zetu za ndoa. Katika Matendo 5 Anania aliuza kiwanja akazuia sehemu ya thamani yake, "mkewe naye akijua". Safira alipoingia saa tatu baadaye, Petro hakumuuliza mumewe alimwagiza nini. Alimuuliza yeye mwenyewe, na jibu lake likahesabiwa kuwa lake. Kumfuata mume hakukumtetea. Kwa upande mwingine yuko Abigaili wa 1 Samweli 25, ambaye Nabali mumewe aliwatukana watu wa Daudi. Abigaili akapakia mikate, divai na kondoo juu ya punda, akaondoka bila kumwambia mumewe, akaiokoa nyumba nzima. Daudi alimbariki Mungu kwa ajili yake. Mke ana dhamiri yake mbele za Mungu, na hakuna ndoa inayoiondoa.

Kwa mumeo, kwa kuwa ni shemasi, nina maandiko mawili. La kwanza ni 1 Petro 3:7, linalomtaka mume ampe mke heshima kama mrithi pamoja naye wa neema ya uzima, "kusudi kuomba kwenu kusizuiliwe". La pili ni Malaki 2, ambapo watu wanalia kwenye madhabahu wakiuliza kwa nini Mungu haitazami tena sadaka yao, wakajibiwa kwamba Bwana amekuwa shahidi kati ya mtu na mke wa ujana wake aliyemtenda kwa hiana. Mume anayempiga mkewe Jumamosi na kushika kapu la sadaka Jumapili, ibada yake ina kizuizi ambacho hakuna pambio litakaloking'oa.

Sasa la kufanya. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema wazi kwamba hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kumpiga. Kifungu cha 56 kinampa mke haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki mali, na mshahara wako ni mali. Nenda Dawati la Jinsia na Watoto kwenye kituo cha polisi. Ukiumizwa, nenda hospitali utibiwe na maumivu yaandikwe. Mwambie mchungaji na mama mmoja unayemwamini, msiwe wawili tu chumbani mnapozungumza. Usalama wako na wa watoto ukiwa mashakani, ondoka kwanza, suluhu itazungumzwa ukiwa mahali salama. Na baraza la wazee wenu lina wajibu wa kumsimamisha ushemasi; 1 Timotheo 3 inataka mashemasi wawe watu wasiolaumika na wasimamie nyumba zao vizuri. Kusamehe utasamehe, kwa neema ya Mungu. Kusamehe hakukulazimishi kurudi kupigwa.

Miguu imenichosha, siwezi tena kupiga magoti kwenye maombi ya toba. Naona haya kukaa wenzangu wakipiga magoti. (Bibi, Bukoba)

Kaa, bibi, bila haya yoyote. Waebrania 11 inasema Yakobo alipokuwa karibu kufa aliabudu akiegemea fimbo yake, nayo imeandikwa kuwa ni kwa imani. Mwombe mzee wa zamu akuwekee kiti chenye egemeo mbele, ushiriki Meza ya Bwana ukiwa umekaa. Mchungaji atakufuata.

Mtume wetu ametangaza mfungo mkavu, bila chakula wala maji, na wanaotumia dawa waziache waonyeshe imani. Mama yangu ana kisukari na presha. Nilipohoji, nikasomewa "Msiwaguse masihi wangu". Nifanye nini? (Kijana, Kilifi)

Kijana wangu, kwanza mama aendelee na dawa na chakula chake leo hii, na daktari wake ajue alichoambiwa. Mengine yote tuzungumze baada ya hapo.

Maneno uliyosomewa yako Zaburi 105:15. Soma kuanzia mstari wa 12 uone yanawahusu akina nani: watu wachache, wageni katika nchi, wanaotanga toka taifa hadi taifa. Ni Ibrahimu, Isaka na Yakobo. Mungu anawaonya *wafalme* wasiwaonee wapitanjia wasio na mtetezi. Andiko la kumkinga mnyonge dhidi ya mwenye nguvu limegeuzwa ngao ya mwenye nguvu dhidi ya mama mgonjwa.

Kuhoji hakukatazwi. Waberoya walisifiwa kwa kuyachunguza maandiko kila siku waone kama aliyoyasema Paulo ndivyo yalivyo. Paulo alimpinga Petro uso kwa uso kule Antiokia. Nathani alimkabili Daudi, masihi wa Bwana aliyetiwa mafuta kwelikweli. Ndiyo, Waebrania 13:17 inatutaka tuwatii wanaotuongoza, lakini sababu iko palepale: wanakesha kwa ajili ya roho zetu "kama watu watakaotoa hesabu". Asiyekubali kuulizwa na wanadamu amekwisha kusahau hesabu hiyo. Na Petro anawakataza wachungaji kujifanya mabwana juu ya kundi.

Kuhusu dawa, Luka aliyetuandikia Injili anaitwa tabibu mpendwa, na Paulo alimshauri Timotheo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake na magonjwa ya mara kwa mara. Hakumwambia aonyeshe imani kwa kuteseka.

Unaandika kutoka Kilifi, kwa hiyo huhitaji kusimuliwa Shakahola. Mwaka 2023 miili zaidi ya 400 ilifukuliwa kwenye msitu ule, watoto wengi wakiwemo, baada ya watu kuambiwa wafunge hadi wakutane na Yesu. Kabla ya hapo, tarehe 17 Machi 2000, mamia waliteketea ndani ya jengo la ibada huko Kanungu, Uganda. Watu wale walimpenda Mungu. Walifundishwa kwamba kumtii kiongozi bila swali ndiyo imani yenyewe. Mtoe mama yako hapo, hata ukiitwa mwasi. Na kama kuna watoto wanaofungishwa, toa taarifa kwa chifu au polisi bila kungoja mfungo uishe.

Mwenyekiti wa mtaa ametuagiza tuzime spika kwenye mkesha ifikapo saa nne usiku. Vijana wanasema ni mateso ya kanisa na imetupasa kumtii Mungu kuliko wanadamu. (Mwinjilisti, Dar es Salaam)

Mwinjilisti, hajawazuia kuomba. Amewazuia kumwamsha jirani. Petro na wenzake walisema maneno hayo ya Matendo 5:29 walipokatazwa kulitaja jina la Yesu. Kwenu kuna mtoto mchanga ng'ambo ya ukuta, na mlinzi aliyetoka lindo anayetaka kulala. Mithali 27:14 inasema anayembariki rafiki yake kwa sauti kuu alfajiri, itahesabiwa kuwa ni laana kwake. Zimeni spika, mwendelee na mkesha kwa sauti zenu.

Vijana wakitaka kujua kukataa kwa haki kunafananaje, wasimulieni habari za Janani Luwum, Askofu Mkuu wa Anglikana Uganda. Mwaka 1977 yeye na maaskofu wenzake walimwandikia Idi Amin barua ya kulalamikia mauaji na uonevu, wakaweka majina yao. Februari ya mwaka huo akakamatwa, akauawa. Alisimama kwa ajili ya roho za watu waliokuwa wakiangamizwa.

Nimekosana na mwimbaji mwenzangu wa sauti ya pili, hatusalimiani. Jumapili tunasimama bega kwa bega. Niendelee kuimba? (Mwanakwaya, Dodoma)

Mathayo 5:23-24 inakujibu: iache sadaka yako mbele ya madhabahu, uende upatane na ndugu yako kwanza. Wimbo wako ni sadaka. Mfuate kabla ya Jumapili, kwa miguu ikiwezekana, si kwa ujumbe wa simu. Sema kosa lako tu, lake mwachie. Asipokubali, rudi na mtu mmoja mnayemheshimu wote wawili. Jumapili ikifika bado hamjaonana, mwambie mwalimu wa kwaya kwamba hutasimama wiki hii, bila kumtaja mwenzako, ukae benchini na usharika.