Mwandae Mama Kwanza, Ndipo Umwage Nakala

Ofisi ya kwanza niliyokabidhiwa ilikuwa na kompyuta 24 za mezani, zote za aina moja, mtumba safi wa Kariakoo. Nikaanza kuzipiga Windows moja moja kwa flashi mbili. Hadi jua linazama nilikuwa nimemaliza tano tu, na hizo tano hazikufanana: moja haina printa, nyingine haina programu ya uhasibu, ya tatu saa inasoma majira ya Marekani. Mhasibu anayefika asubuhi kufunga mahesabu ya mwezi anataka mashine inayofanya kazi, basi.

Tangu siku ile natumia imeji, yaani nakala kamili ya diski. Unaandaa kompyuta moja, mimi naiita mama, unachukua nakala ya diski yake nzima, halafu unaimwaga kwenye zilizobaki. Chombo changu ni Clonezilla, programu ya bure iliyotengenezwa Taiwan. Inawashwa kutoka kwenye flashi, na inabeba sehemu za diski zenye data tu, tena inazibana. Diski ya GB 500 iliyotumika GB 40 hutoa imeji isiyofika hata hizo 40.

Kumwaga ni kazi nyepesi. Kazi nzito iko kwa mama, na mara ya kwanza nilimharakisha. Nilimaliza kuweka programu, nikachukua imeji papo hapo. Mashine zote zikaamka na jina moja kwenye mtandao. Antivairasi ilikuwa imeshajisajili kwa mama, kwa hiyo kwenye ukurasa wa usimamizi ofisi nzima ilionekana kama kompyuta moja. Programu ya kuingilia mashine kwa mbali nayo ikatoa namba ileile kila meza. Nilirudia zote.

Dawa yake ni Sysprep, ambayo tayari imo ndani ya Windows, kwenye folda C:\Windows\System32\Sysprep. Chagua OOBE (Windows ianze na skrini za mashine mpya), weka tiki kwenye Generalize, mwisho chagua Shutdown. Inafuta utambulisho wa mashine ili kila nakala ijitengenezee wake. Mama akishazimika, usimwashe tena kwenye Windows. Ingia moja kwa moja kwenye flashi ya Clonezilla. Antivairasi na programu za mbali zisubiri hadi baada ya kumwaga.

Sysprep hugoma mara nyingi, hasa programu za Duka la Microsoft zikiwa zimejisasisha kwa mtumiaji mmoja. Ndiyo maana mama simpi intaneti kabisa. Kwenye skrini ya kwanza ya kuanzisha Windows nabonyeza Ctrl+Shift+F3, naingia bila kufungua akaunti ya mtu yeyote, naweka kila kitu kutoka kwenye flashi. Ikigoma hata hivyo, fungua faili la setupact.log ndani ya folda ya Panther, iliyo humohumo kwenye folda ya Sysprep; programu inayokwamisha imetajwa humo. BitLocker, ulinzi wa Windows unaofunga data ya diski, izimwe mapema, na usubiri imalize kufungua diski. Halafu, nakusihi, chukua imeji ya akiba kabla ya kugusa Sysprep. Ikiharibika unarudi nyuma dakika chache, huanzi upya.

Usimwage kwenye zote kwa mpigo. Jaribu moja, iwashe, chapisha karatasi, cheza sauti, ingia mtandaoni. Angalia diski inayopokea isiwe ndogo kuliko ya mama, hata kwa GB chache, maana Clonezilla itakataa. BIOS zote, yaani programu inayoiamsha kompyuta kabla ya Windows, ziwe kwenye mfumo mmoja wa kuwasha: mama akiwa UEFI, ule mpya, nakala iliyowekwa Legacy, ule wa zamani, haitawaka. Na kila mashine iwe na leseni yake ya Windows. Imeji haigawi leseni, na mwenye ofisi aambiwe hivyo kabla hujaanza kazi.

Umeme nao. Mashine inayopokea na diski ya nje yenye imeji viwe kwenye UPS, betri ya akiba, kwa sababu ukikatika katikati ya kumwaga, diski ile inabaki haina kitu cha kuwasha.

Imeji yenyewe naihifadhi kwenye diski mbili, kila moja imebandikwa karatasi: aina ya kompyuta, tarehe, programu zilizomo. Diski ya katibu muhtasi ilipokufa miezi kadhaa baadaye, nilifunga mpya, nikamwaga, na kabla ya chakula cha mchana alikuwa anachapa barua zake.