Saa Chache Mjini Oslo: Ushauri kwa Abiria wa Meli ya Kitalii

Meli nyingi za kitalii zinazozunguka Ulaya ya Kaskazini hufika Oslo asubuhi na kuondoka jioni ileile, na abiria huachiwa saa chache tu za kuuona mji mkuu wa Norwe. Siku moja kabla ya kufika, dawati la safari ndani ya meli humtolea orodha ya ziara za basi zinazoahidi kumwonyesha mji mzima, kuanzia vilima vya nyuma hadi rasi ya makumbusho. Ushauri wangu, baada ya kuutembea mji huo mimi mwenyewe pamoja na shangazi yangu ambaye magoti yake hayampi tena ruhusa ya kwenda mbali, ni kwamba mwenye saa chache asiutafute mji mzima. Meli nyingi hufunga chini kabisa ya kuta za Ngome ya Akershus, na mambo mazito ya Oslo yamejipanga ukingoni mwa maji, pande zote mbili za ngome hiyo, kwa umbali ambao mtu anaweza kuutembea polepole bila kupanda gari lolote.

Hata hivyo, ziara ya Oslo huanza kabla ya kushuka. Mji uko kwenye ncha ya ndani ya fiyodi, yaani mkono mwembamba wa bahari ulioingia nchi kavu kwa takribani kilomita 100, na meli huupanda mkono huo kwa saa kadhaa za alfajiri, wakati abiria wengi wamelala. Amka, vaa koti, panda sitaha ya juu. Karibu na mji mdogo wa Drøbak njia ya maji hubana sana, na hapo utakiona kisiwa chenye ngome ya Oscarsborg. Alfajiri ya tarehe 9 Aprili 1940, mizinga ya ngome hiyo, iliyokuwa imetengenezwa karne ya 19, pamoja na makombora yaliyorushwa chini ya maji, viliizamisha manowari ya Kijerumani iliyoitwa Blücher. Kuzama kwake kuliwachelewesha wavamizi, na katika saa hizo mfalme Haakon wa Saba, serikali, wabunge na dhahabu ya benki kuu walipata nafasi ya kuutoka mji. Mtu aliyeipita sehemu hiyo akiwa macho huielewa vizuri zaidi ngome atakayoikuta gatini.

Akershus yenyewe ilianza kujengwa mwishoni mwa karne ya 13, na viwanja vyake viko wazi kwa umma bila kiingilio. Panda taratibu kupitia lango, utembee juu ya kuta, uitazame bandari kutoka juu. Ndani yake kuna makumbusho ya harakati za kuupinga utawala wa Wajerumani, na karibu na hapo liko jiwe la kumbukumbu mahali ambapo wazalendo wa Norwe walipigwa risasi wakati wa vita. Njia nyingi humo zimetandikwa mawe ya mviringo, kwa hiyo viatu vyenye soli nene ni vya lazima, na mzee anayetumia fimbo ashikwe mkono.

Upande wa magharibi wa ngome, kwa mwendo mfupi, liko Jumba la Jiji, jengo kubwa la matofali mekundu lenye minara miwili, lililozinduliwa mwaka 1950. Kwa nje, wengi huliona zito, na sitawabishia. Lakini kwa msomaji wa Afrika Mashariki, hapa ndipo mahali ambapo ningemsihi atumie muda wake mwingi zaidi kuliko pengine popote mjini. Tangu mwaka 1990, Tuzo ya Amani ya Nobel hutolewa katika ukumbi mkuu wa jengo hili kila tarehe 10 Desemba, siku aliyofariki Alfred Nobel. Ukumbi huo, kwa kawaida, huwa wazi kwa wageni bila malipo, isipokuwa pale jiji linapokuwa na shughuli rasmi, na wageni wengi huupiga picha na kuondoka.

Sisi hatukuondoka haraka. Mwaka 2004, mbele ya ukuta ule wenye mchoro mkubwa wa rangi za mafuta wa Henrik Sørensen, alisimama Wangari Maathai, mwanamke wa kwanza wa Afrika kupewa tuzo hiyo, mwanzilishi wa vuguvugu la Green Belt lililoanza mwaka 1977 kwa kuwahimiza wanawake wa vijijini wapande miti. Shangazi anaukumbuka vizuri mwaka 1989, Wangari alipoupinga mpango wa kujenga ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, Nairobi, na jinsi alivyotukanwa hadharani kwa ajili hiyo. Aliniuliza, «Ni hapa hapa aliposimama?» Nilipomwambia ndiyo, alitafuta kiti na kukaa kimya, nami nikaona kuwa hakuna makumbusho yoyote ya siku ile ambayo yangempa zaidi ya hicho. Katika ukumbi uleule alisimama Nelson Mandela mwaka 1993, na mwaka 2018 Denis Mukwege, daktari wa Bukavu, ambaye katika Hospitali ya Panzi ametibu maelfu ya wanawake waliobakwa vitani mashariki mwa Kongo. Kwa hiyo, ukifika na watoto, wasimulie kwanza watu hawa ni nani, kabla hawajaingia ndani, maana ukumbi wenyewe hauelezi mengi kwa asiyejua. Anayetaka maelezo zaidi avuke uwanja hadi Kituo cha Amani cha Nobel, kilicho ndani ya jengo la stesheni ya zamani ya reli. Huko kuna kiingilio.

Baada ya hapo rudi mashariki, upite tena chini ya ngome, ufuate ukingo wa maji hadi eneo la Bjørvika. Zamani hapa palikuwa na maghala ya bandari na barabara kuu yenye msongamano, na namna jiji lilivyowarudishia wananchi wake ukingo huu inastahili kutazamwa kwa makini na yeyote anayeishi katika mji wa pwani. Jumba la Opera lilifunguliwa mwaka 2008, likabuniwa na kampuni ya Snøhetta, ileile iliyobuni maktaba mpya ya Alexandria huko Misri. Paa lake la marumaru nyeupe linateremka hadi majini, na kila mtu anaruhusiwa kulipanda kwa miguu, bila tikiti. Mvua ikinyesha marumaru hiyo huteleza vibaya sana, na siku kama hiyo afadhali uingie tu ndani, ambako ukumbi wa mapokezi uko wazi kwa wote.

Ng'ambo ya barabara iko maktaba kuu ya jiji, Deichman, iliyofunguliwa mwaka 2020, na mimi huihesabu kuwa zawadi kubwa zaidi kwa msafiri aliyechoka. Kuingia ni bure, kuna viti, vyoo safi na madirisha makubwa yanayotazama bahari. Ghorofa ya juu kuna chumba kidogo cha mbao kinachohifadhi miswada ya waandishi ambayo haitachapishwa hadi mwaka 2114, kwa karatasi za miti iliyopandwa msituni nje ya mji kwa kazi hiyo.

Jirani yake linainuka jumba la Munch, lenye ghorofa 13, lililofunguliwa mwaka 2021 kwa ajili ya kazi ambazo mchoraji Edvard Munch aliurithisha mji huu. Picha yake ya mtu anayepiga yowe huonyeshwa hapo kwa zamu, toleo moja baada ya jingine, kwa kuwa mwanga huyaharibu. Chagua makumbusho moja tu la kulipia siku hiyo. Ukilichagua Jumba la Makumbusho ya Taifa, lililo upande wa Jumba la Jiji, kumbuka kwamba hufungwa Jumatatu.

Wengi huniuliza kuhusu bustani ya sanamu za Gustav Vigeland. Ni nzuri kweli, ina sanamu zaidi ya 200 na haina kiingilio, na tramu namba 12 hufika hapo kutoka ufukweni. Ila itakula sehemu kubwa ya siku yako, na kwa meli inayoondoka mapema ningeiacha. Rasi ya Bygdøy, ile ya makumbusho, yenye meli ya Fram iliyombeba mpelelezi wa Kinorwe Amundsen kuelekea Ncha ya Kusini, inamfaa zaidi mwenye siku nzima. Kukiwa na jua, badala ya zote mbili, panda kivuko cha umma hadi kisiwa cha Hovedøya, safari ya dakika chache tu, ukaone magofu ya monasteri iliyoanzishwa na watawa kutoka Uingereza mwaka 1147. Tikiti ni ileile ya tramu na basi.

Chakula ni ghali mno karibu na maji. Nenda mtaa wa Grønland, nyuma ya stesheni kuu, wanakoishi watu wengi wenye asili ya Pakistani na Somalia. Huko utapata wali, nyama ya halali na chai ya maziwa kwa bei ya kibinadamu, na misikiti iko karibu. Usihangaike kubadilisha fedha nyingi, kwani kadi hupokelewa karibu kila mahali. Maji ya bomba ni salama, kwa hiyo beba chupa yako.

Kabla hujalipia nauli ya meli, itazame pasipoti yako. Norwe haimo katika Umoja wa Ulaya lakini imo katika eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, na sisi wenye pasipoti za Afrika Mashariki tunahitaji viza. Meli ikipita pia Uingereza, utakuwa umetoka Schengen na kuingia tena, hivyo viza ya kuingia mara moja haitatosha, nayo Uingereza ina viza yake tofauti. Iandikie kampuni ya meli, uombe jibu la maandishi kuhusu kila bandari iliyo kwenye ratiba, na uanze maombi ubalozini miezi kadhaa kabla ya safari, kwa sababu nafasi za miadi ya kiangazi huisha mapema.