Goti la mama na mbuzi ya kukunia nazi

SWALI: Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 72, tunaishi Ngamiani, Tanga. Magoti yanamsumbua mwaka wa pili sasa, picha ilionyesha mifupa inasagana. Tumemkataza kukuna nazi na kupika ili apumzike, lakini anazidi kukakamaa, hata kuinuka kitini mpaka ashikwe mkono. Anameza dikilofenaki, dawa ya kutuliza maumivu, kila siku, na presha anayo. Tumekosea wapi?

JIBU: Marahaba. Mmemkataza kwa mapenzi, ila kupumzika huko ndiko kunakomlegeza. Maumivu yakivuka miezi 3 huitwa sugu, na ukali wake mara nyingi hauendi sawa na picha inavyoonyesha. Goti hubebwa na misuli ya mbele ya paja, na uzeeni msuli usiofanya kazi hunywea upesi. Mimi katika fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, huanza kwa kumwuliza mgonjwa anatamani kurudia kazi gani.

Basi mrudishieni nazi yake. Tatizo ni ile mbuzi: iko chini mno, goti linakunjwa mpaka mwisho, na kuinuka pale kunauma kuliko kukuna kwenyewe. Fundi seremala aiongeze miguu ifikie kimo cha kiti cha kulia chakula. Akune nazi moja, asimame, azunguke uani, ndipo ashike ya pili. Wazee wengi huumia siku wanayojisikia vizuri: hufanya kazi za wiki nzima, kesho yake hawanyanyuki.

Asubuhi na jioni akae kwenye kiti imara kilichoegemezwa ukutani, ainuke na kukaa polepole mara 5, akizoea mara 10. Kuuma kidogo si hatari. Maumivu yakitulia kufikia kesho yake, kiasi hicho kinamfaa. Yasipotulia, punguzeni idadi bila kuacha. Akitumia fimbo, aishike kwa mkono wa upande wa goti lenye nafuu.

Dikilofenaki inanitia hofu kuliko goti. Kwa umri wake hupandisha presha, huumiza figo na kuleta vidonda vya tumbo. Msiinunue tena dukani kiholela. Wiki hii mpelekeni kwa daktari na dawa zake zote, za presha pia, na mwulizie ya kupaka. Akipata choo cheusi kama lami, au goti likivimba ghafla na kuwa la moto, ni hospitali siku hiyohiyo.