Kanuni za waziri si amri ya mwisho

Je, mahakama inaweza kufuta kanuni alizotunga waziri? Ndiyo, Mahakama Kuu ya Kenya inaweza kuzifuta hata zikishachapishwa kwenye Gazeti Rasmi. Sheria ya mwaka 2013 kuhusu kanuni za aina hiyo inataka zipelekwe Bungeni ndani ya siku 7 za vikao. Zisipopelekwa, zinakosa nguvu. Pia wananchi lazima washirikishwe, kwa mujibu wa Ibara ya 10 ya Katiba, na hapo ndipo mawakili wengi hushikilia hoja zao. Lakini si kila kesi hushinda: mwaka 2019 Mahakama ya Juu ilikataa rufaa ya kampuni ya sigara ya BAT, ikaona ushirikishwaji kwenye kanuni za tumbaku ulitosha. Nami naona ilikuwa haki kabisa.