Gofu ya akina mama: watu wapya mnawatoa wapi?

Haya jamani, meseji za gofu zimekua nyingi kuliko nilivotegemea na karibu zote zinalia kitu kimoja, kundi la wanawake limebaki na watu walewale. Zinazofanana nimeziunganisha.

Dada, kundi letu hapa Dar tumebaki tisa na wengi tumeshavuka hamsini. Tumebandika tangazo klabuni toka Januari, hajaja hata mmoja. Tunakosea wapi?

Tangazo la klabuni anasoma nani mama? Si yule ambae tayari yupo klabuni. Mnaemtaka nyie hajawahi kuvuka hilo geti, anapita nje kwenye daladala anaona majani na ukuta, anajua pale ni pa mabosi. Huyo anakuja akiitwa na mtu anaemjua. Kwaiyo bandueni hilo karatasi, kila mmoja aandike majina mawili ya wanawake anaoonana nao kila wiki, wa kikoba, wa kwaya, wa ofisini, yule jirani aliekua anacheza netiboli shuleni (hao msiwaache, mikono yao ina shabaha tayari), afu kuna wake za wanachama wanaokaa pale kivulini na soda masaa manne wakisubiri waume zao wamalize mashimo 18, hao wangekua wa kwanza kabisa na sijui kwanini hamuwaoni.

Alafu siku ya kwanza ndo huwa mnaiharibu. Mgeni anafika getini, mlinzi anamuuliza "unaenda kwa nani?", anajibu "kwenye gofu", anaangaliwa juu mpaka chini, hapo ameshaanza kujuta nauli yake. Mmoja wenu amsubiri pale getini. Mpelekeni moja kwa moja kwenye grini ya mazoezi, pale penye majani mafupi na mashimo, mpeni ile fimbo fupi ya kusukumia, mpira uwe hatua moja tu kutoka kwenye shimo. Utaingia. Ule mlio wa mpira kudondoka kwenye kikombe ndo unaonasa watu, basi mrudisheni hatua mbili, tatu, tano, mwacheni ashindane na wenzie. Dreva, ile fimbo ndefu ya kupigia mbali, asiishike siku hiyo, atapiga hewa mara sita mbele za watu na hamtamuona tena. Lisaa limoja na nusu linatosha, chai, na siku ya kurudi ipangwe kabla hajaondoka. Sheria atajifunza tu baadae.

Mwaka jana walikuja sita, wakalipia na mwalimu, baada ya miezi miwili wamepotea wote. Arusha.

Hapa ndo penye shida yenyewe, kuita watu sio kazi sana, kazi ni ule mwezi wa pili. Masomo yameisha, mtu anaingizwa uwanjani na wenye handikapu 12 (handikapu ni mikwaju ya nyongeza anayopewa mchezaji, ikiwa ndogo ndo mkali zaidi), mpira wake unaenda kichakani, wenzie wamesimama wanaangalia saa, kila shimo anaomba samahani. Nani atarudi? Na yule mama wenu anaeguna mtu akikosa (kila kundi linae, msijifanye) msimpange na wageni.

Mi ningefanya hivi. Kila mgeni awe na somo wake, mtu mmoja sio kamati, wa kumpigia simu Alhamisi "Jumamosi nakupitia". Miezi ya mwanzo chezeni skrambo ya watu wanne, yani wote mnapiga, mnachagua mpira uliokaa vizuri, wote mnapiga tena kutokea hapo. Mgeni akiharibu hakuna anaeumia, na siku atakayoingiza mpira ambao nyie watatu mmekosa, na hiyo siku inafika, huyo ni wenu. Mashimo 9 yanatosha kabisa.

Na kadi zake zianze kukusanywa mapema. Mfumo wa handikapu wa dunia ulioanza 2020 unaruhusu mpaka 54, wanawake kwa wanaume, na kuipata unahitaji kadi za jumla ya mashimo 54 tu, hata mkicheza tisa tisa mara sita. Kwa hesabu ya haraka mwenye 54 anaongezewa mikwaju mitatu kila shimo, kwaiyo akitumia saba kwenye shimo la par 4 (la kumalizwa kwa mikwaju minne) anapata pointi mbili za stebofodi, ule mchezo wa kuhesabu pointi kila shimo, sawa na bingwa aliepiga par bila nyongeza. Mwambieni hilo, watu wengi wanadhani handikapu ni ya mabingwa.

Sisi Mombasa siku ya akina mama klabuni ni Jumanne, miaka nenda miaka rudi. Hawa wasichana wako kazini Jumanne!

Jumanne iliwafaa wanawake wasioajiriwa, tena ikawaachia wanaume wikendi yao. Msiende kwa kepteni kuomba "wikendi", atawakatalia. Ombeni kitu kidogo chenye saa, nafasi mbili za kuanzia Jumapili saa nane mchana, mashimo 9, kwa miezi mitatu, na iwe kwa maandishi. Akileta habari za desturi mkumbusheni kua ile klabu ya Royal and Ancient kule St Andrews, Scotland, ya tangu 1754, ilipiga kura 2014 ikaingiza wanawake. Na nyie mko karibu na uwanja wa Vipingo, ambako mashindano ya gofu ya wanawake, Magical Kenya Ladies Open, yalianza 2019, mtu alieona mwanamke mwenzie akipiga mpira ukapotea angani humhubirii tena.

Nikimwambia mtu gofu anacheka, "hela nitoe wapi?"

Usimdanganye kua ni rahisi. Ila sheria inasema fimbo zisizidi 14, haijasema zisipungue ngapi, na tano zinamtosha kuanzia. Kundi linunue seti mbili za mitumba kwa mchango, mipira wanunue ile ya kuokotwa. Afu mtajie kila kitu kabla, ada, kedi (yule mbeba begi), chakula. Bili ya kushtukiza inafukuza watu kuliko bei yenyewe.

Navaa hijabu, nitaruhusiwa?

Sheria za mchezo hazikatazi hijabu, mavazi ni utaratibu wa kila klabu, kwaiyo muulize kepteni wa wanawake kabla. Suruali za jinsi tu ndo klabu nyingi hazitaki.

Mume wangu anasema uwanjani wanawake wanafata mabwana.

Mchukue awe kedi wako siku moja, abebe begi juani. Shimo la tano tu ataomba kurudi nyumbani, wewe malizia tisa zako.